Waya za meno na DNA ya seli za kinywa: hofu imetoka wapi na ukweli umefika wapi

Hapa Tanga siku hizi waya za meno zimekuwa kitu cha kawaida, ukipita Ngamiani jioni au ukikaa Raskazone wikendi lazima ukutane na kijana anayecheka meno yote yanang'aa madini. Na pamoja na waya imekuja hofu moja inayozunguka kwa voice note kwenye magrupu ya WhatsApp ya wazazi, kwamba yale madini yanaingia kwenye seli za mdomo yanaharibu DNA, yaani vinasaba, na binti akija kuolewa atazaa watoto wenye matatizo. Wengine wanamalizia na neno kansa kabisa.

Mi naona hofu hii isidharauliwe, maana haikuokotwa tu. Kuna tafiti za kweli, zimefanywa na watu wenye maabara zao, na baadhi zilikuta DNA ya seli za shavu kwa watu wenye waya ina majeraha kuliko ya watu wasio na waya. Hilo lipo na nitalieleza. Ila kutoka hapo mpaka kusema mtoto ataathirika uzao wake ni safari ndefu sana, na njiani kuna vitu vingi ambavyo mwenye kurekodi voice note kaviruka.

Tuanze na waya yenyewe. Vile vidude vinavyogandishwa kwenye jino, braketi, mara nyingi ni chuma cha stenlesi, na stenlesi ya aina hiyo ina nikeli kama asilimia 8 mpaka 12 na kromiamu kama asilimia 17 mpaka 20, kinachobaki ni chuma hasa. Ile waya inayopita juu ya braketi inaweza kuwa stenlesi pia, lakini miezi ya mwanzo daktari wengi wanaweka waya ya mchanganyiko wa nikeli na titaniamu, na hiyo karibu nusu nzima yake ni nikeli. Mchanganyiko huo ulitokea kwenye maabara ya jeshi la majini la Marekani, mtu aliyeuvumbua anaitwa William Buehler, mwishoni mwa miaka ya 1950 kuingia 1960, halafu miaka ya 1970 George Andreasen wa Chuo Kikuu cha Iowa akauleta kwenye meno. Sifa yake ni kwamba ukiikunja inataka kurudi umbo lake la kwanza, na kule kurudi kwake taratibu ndiko kunakosogeza jino bila daktari kukaza kila mara.

Sasa kwa nini nikeli nyingi namna hiyo isimdhuru mtu? Kwa sababu juu ya stenlesi kromiamu inajitengenezea ngozi nyembamba sana ya oksidi, yaani madini yaliyoungana na oksijeni, na kwenye waya ya titaniamu vilevile titaniamu inajifunika, na ngozi hiyo ndiyo inayozuia madini ya ndani yasitoke. Ikikwaruzwa inajirudishia yenyewe. Kinywa hata hivyo si mahali pa upole. Kuna mate, kuna joto, kuna kutafuna, kuna bakteria wanaotoa asidi, na kuna sisi watu wa Pwani na ndimu zetu, ukwaju, achari ya embe, machungwa ya Muheza yale ambayo bado hayajaiva vizuri, halafu soda baridi juu yake. Mate ya kawaida yako karibu na pH 7 (pH ni kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi imezidi), maji ya ndimu na soda za kola ziko huko chini kwenye 2 na pointi. Ngozi ile ya oksidi ikikaa kwenye asidi muda mrefu inalegea, na madini kidogo yanatoka. Kwa hiyo swali la kama madini yanatoka limeshajibiwa zamani, yanatoka, hakuna mtaalamu anayelibishia.

Swali ni kiasi gani. Mwaka 1983 watafiti wawili, Park na Shearer, walitengeneza waya za kinywa kizima wakaziloweka maabara, wakapima kilichotoka: wastani wa mikrogramu 40 za nikeli kwa siku na 36 za kromiamu. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu, yaani huwezi kuiona. Na utoaji wenyewe unakuwa mkubwa siku za mwanzo halafu unashuka. Mwaka 2020 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliweka kiwango cha nikeli ambacho mtu anaweza kula kila siku maisha yake yote bila kutarajiwa madhara, mikrogramu 13 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Kijana wa kilo 50 ni mikrogramu 650 kwa siku. Na nikeli tunaila kila siku bila kujua, iko kwenye korosho, karanga, maharage, kunde, chai, kakao, mtu anayekula kawaida anaingiza mikrogramu mia moja, mia mbili au zaidi. Kwa hiyo kwa mwili mzima, waya si mzigo wa kutisha.

Lakini hapo ndipo wataalamu wa seli wanasema subiri kwanza. Nikeli ya korosho inapita tumboni na nyingi inatoka chooni, wakati nikeli ya braketi inatokea palepale, imeegemea ngozi ya ndani ya shavu usiku na mchana kwa mwaka mmoja na nusu mpaka miwili. Wastani wa mwili mzima hauwezi kukwambia kinachotokea kwenye kipande kile cha shavu. Ni hoja nzuri, na ndo sababu watu wakaanza kukwangua seli za shavu na kuzipima.

Kukwangua kwenyewe hakuumi, ni kamswaki kadogo au kijiti kinasuguliwa ndani ya shavu, seli zinakuja. Baada ya hapo kuna vipimo viwili vikubwa, na kwa maoni yangu mkanganyiko wote wa habari hizi unaanzia kwenye kutojua vipimo hivi vinauliza maswali tofauti.

Cha kwanza kinaitwa kipimo cha nyotamkia. Seli zinawekwa kwenye jeli, zinapasuliwa, halafu umeme unapitishwa. DNA iliyo nzima inabaki pale kati kama duara, iliyokatika vipande inavutwa na umeme inatoka nje na kufanya mkia, ukiangalia kwenye hadubini ni nyota yenye mkia kweli. Kilianzia Sweden mwaka 1984 kwa Östling na Johanson, halafu 1988 kikaboreshwa kiweze kuona hata mikato ya uzi mmoja kati ya nyuzi mbili za DNA. Kinachoonyesha ni mikato iliyopo saa ile ile ulipokwangua.

Na hapa lazima niseme kitu ambacho watu wengi hawajawahi kuambiwa, DNA inakatika na kuharibika kila siku kwa kila mtu, mwenye waya na asiye na waya, aliye Tanga na aliye Tokyo. Hesabu za wanasayansi ni maelfu kwa maelfu ya majeraha kwa kila seli kila siku, yanatokana na maji, na oksijeni, na joto la mwili lenyewe. Ni sawa na jahazi, hakuna jahazi la mbao lisilovuja, linalolizuia kuzama ni kalafati, fundi yuko pale anaziba kila mshono unapoachia. Ndani ya seli kuna mafundi hao, ni protini zinazotembea kwenye DNA zinakagua na kuziba, na watu waliogundua namna zinavyofanya kazi, Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar, walipewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2015. Kwa hiyo ukiambiwa seli ina mikato ya DNA, swali linalofuata ni kama mafundi wameziba au wamezidiwa.

Nikeli shida yake iko hapohapo kwa mafundi. Yenyewe haikati DNA sana moja kwa moja, inachofanya ni kuchochea zile molekuli za oksijeni zenye vurugu, na kuzibana zile protini za ukarabati zisifanye kazi vizuri. Hii imeonekana maabara ikitumika nikeli ya kutosha.

Kipimo cha pili kinatafuta vijikiini. Seli ya kawaida ina kiini kimoja chenye kromosomu zote, yaani mafungu ya DNA. Seli inapogawanyika, kama kromosomu imekatika kipande au imeachwa nyuma, kile kipande kinaachwa nje ya kiini na kujiviringisha kivyake, unaona seli ina kiini kikubwa na pembeni kadoa kadogo. Huo sasa ni uharibifu ambao haukuzibwa, umeshapita kwenye mgawanyo wa seli, kwa hiyo ni ushahidi mzito kuliko mkia wa nyota. Kwa watu wasio na tatizo lolote, utafiti mkubwa uliounganisha maabara za nchi nyingi na kutoka mwaka 2011 ulikuta wastani wa kama seli 1 yenye kijikiini katika kila seli 1000 za shavu. Yaani hata wewe unaesoma hapa unazo.

Seli za shavu zinazaliwa chini, kwenye tabaka la msingi, ndo zinapanda juu, na zikifika juu zinakwanguka na chakula na mate unazimeza, safari nzima ni kama siku 7 mpaka 21. Mgawanyo unafanyika kule chini tu. Kwa hiyo kijikiini unachokiona leo juu ya shavu ni habari ya wiki moja mpaka tatu zilizopita.

Sasa tafiti zenyewe. Ule ambao kila mtu anaunukuu, hata kama hajui anaunukuu, ni wa Waitaliano, Faccioni na wenzake, wa mwaka 2003. Walichukua watu 55 wenye waya na 30 wasio na waya, wakapima madini ndani ya seli za shavu, wakakuta nikeli na kobalti kwa wenye waya ni kama mara tatu ya wengine, na kipimo cha nyotamkia kikaonyesha mikato zaidi. Ni utafiti wa maana, ulifungua mlango. Lakini uliwapima watu mara moja, hatujui seli zao zilikuwaje kabla ya waya, na huwezi kujua kama mikato ile ilidumu au ilizibwa.

Mwaka 2008 Wabrazili, Westphalen na wenzake, wakafanya jambo la akili zaidi, wakawapima watu walewale kabla na baada, na wakatumia vipimo vyote viwili. Nyotamkia haikuonyesha kitu. Vijikiini vilipanda kidogo baada ya siku 30. Halafu 2011 ukaja utafiti wa Misri, Hafez na wenzake, watu 28 wenye waya na 18 wasio nazo, wakawapima kabla ya kuwekewa, miezi 3 na miezi 6. Miezi 3 seli zilikuwa na mikato zaidi na nyingine zilikuwa zimekufa. Miezi 6 ile mikato haikuonekana tena. Waya bado ziko mdomoni, lakini DNA imetulia. Watafiti wakasema huenda ni mwili umezoea au mafundi wa ukarabati wamefanya kazi yao. Mwaka huohuo Wahispania wakalinganisha aina za braketi, wale waliovaa braketi za titaniamu seli zao hazikuonyesha uharibifu kama wa stenlesi.

Ukiziweka pamoja, mi nasoma hivi: waya zinagusa seli za shavu kweli, mguso wenyewe ni mdogo, uko zaidi miezi ya mwanzo, na aina ya madini ina maana. Mtu anayesema waya hazifanyi chochote amekosea, na anayesema zinaharibu vinasaba vya mtoto amekosea zaidi.

Kuna kingine pia. Mtu mwenye waya hajabadilika kwa madini tu. Ufizi wake mara nyingi umevimba kwa sababu chakula kinanasa na kusafisha ni kazi, na uvimbe wenyewe unaleta zile oksijeni zenye vurugu zinazokata DNA. Braketi inasugua shavu, shavu likikwaruzwa seli za chini zinagawanyika haraka kujaza kidonda, na zikigawanyika haraka vijikiini navyo vinaweza kuongezeka. Na kabla ya waya amepigwa eksirei ya taya zima, pengine na ya kichwa cha pembeni. Eksirei ya taya zima dozi yake ni ndogo, kama milisivati (kipimo cha mionzi) 0.01 mpaka 0.025, wakati mionzi ya asili tu ya ardhi na anga wastani wa dunia ni kama 2.4 kwa mwaka, lakini seli za shavu ndo ziko njiani pale. Ukikwangua shavu baada ya yote hayo na ukakuta seli zimechoka, kuisingizia nikeli peke yake si haki. Ndo maana nawaambia wazazi, kama kuna kitu kimoja kiko mikononi mwenu ni mswaki. Ufizi msafi unaondoa sehemu ya tatizo ambayo haina uhusiano na madini kabisa.

Haya, la watoto wa baadae. Seli za shavu hazirithiwi. Kinachompa mtoto vinasaba ni yai la mama na mbegu ya baba, na hizo ziko kwenye ovari za mama na korodani za baba, seli ya shavu hata iharibike vipi haina njia ya kufika huko, mwisho wake ni kukwanguka na kumezwa ndani ya wiki chache. Binti aliyevaa waya akiwa na miaka 14 seli zile zilizokuwa zimeegemea braketi hazipo tena akifika 15, achilia mbali akiolewa. Kwa hiyo hili la kizazi walizime kabisa, na kama kuna bibi anamkataza mjukuu wake kwa sababu hiyo, naomba mumsomee aya hii polepole, kwa heshima, maana anaogopa kwa upendo.

Na kansa? Hapa watu wanachukua kitu cha kweli wanakipeleka kusiko. Shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, IARC, mwaka 1990 liliweka misombo ya nikeli kwenye kundi la 1, yaani inasababisha kansa kwa binadamu, na nikeli ya metali kwenye kundi la 2B, yaani inawezekana. Lakini ushahidi ule wa kundi la 1 ulitoka kwa wafanyakazi wa viwanda vya kusafisha nikeli, waliovuta vumbi lake miaka na miaka, wakapata kansa ya mapafu na ya pua. Kuvuta vumbi la kiwandani na kuvaa braketi ni vitu viwili.

Mi nataka tuwe wakweli zaidi hapa kwetu, kwa sababu kipimo chenyewe cha vijikiini kwenye seli za shavu kilipata umaarufu kwa kuchunguza watafuna tambuu. Ndiyo, tambuu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Hans Stich na wenzake walikwangua mashavu ya watu wanaotafuna tambuu na popoo wakakuta vijikiini vimeongezeka waziwazi, si kwa kubahatisha kwenye hadubini. Mwaka 2004 IARC ikachapisha kwamba tambuu, hata bila tumbaku, na popoo yenyewe, viko kundi la 1. Tumbaku ya kutafuna na kunusa nayo kundi la 1, na kuberi na ugoro ni tumbaku hiyohiyo. Pwani yetu nzima, Tanga, Pangani, mpaka Bagamoyo, kuna nyumba ambazo popoo na chokaa havikosi mezani, na mtoto anatumwa dukani kuvinunua. Inaniuma kuona mzazi anakataa kumwekea mwanae waya kwa kuogopa DNA huku kwenye kinywa chake mwenyewe kuna kitu ambacho ushahidi wake hauna utata. Sisemi kumkosea mtu adabu, tambuu ni ya wazee wetu na ya arusi zetu, nasema kwa sababu kansa ya mdomo ikishaingia inaumiza vibaya na matibabu yake ni mazito.

Kuna hizi waya za urembo pia. Zinauzwa mtandaoni, mtu anakuja nyumbani au saluni anakugandishia, meno yako wala hayana shida, unataka tu zionekane. Kila nilichoeleza hapo juu, asilimia za nikeli, ile ngozi ya oksidi, mikrogramu 40, ni habari ya stenlesi inayojulikana ya kazi ya meno. Waya ya urembo hujui imetengenezwa na madini gani, hujui gundi ni ya nini, na aliyeweka hawezi kukwambia. Thailand ambako fasheni hii ilishika sana serikali iliamua kuzipiga marufuku. Hofu yote ambayo watu wanaielekeza kwa daktari wa meno, mi ningeomba waielekeze huku.

Mwisho kuna kundi la watu ambao nikeli kwao ni shida ya wazi, nao ni wenye aleji. Unamjua huyo, akivaa hereni za bei rahisi sikio linawasha na kutoa maji, kitufe cha suruali ya jinzi kikigusa kitovu kinatoka upele. Wanawake wanapata zaidi, na sababu kubwa ni kutoga masikio, nikeli inaingia kwenye kidonda kibichi na mwili unaikariri kama adui. Mtu huyo akiwekwa waya anaweza kuvimba midomo, kuwaka mdomo, ufizi kuwa mwekundu hata akisafisha vizuri, au upele kutokea mbali kabisa na mdomo. Lakini utafiti wa Finland wa 1996 kwa vijana wa shule ulikuta kitu ambacho wengi hawakitarajii, mabinti waliovaa waya kwanza ndipo wakatoga masikio hakuna aliyekuwa na aleji ya nikeli, wakati waliotoga kwanza ndipo wakavaa waya zaidi ya theluthi moja walikuwa nayo. Inaonekana nikeli kidogokidogo ikipita kwa njia ya mdomo mwili unaizoea.

Kwetu binti anatogwa akiwa mchanga, kwa hiyo huo utaratibu wa Finland umeshatupita. Unachoweza kufanya ni kumwambia daktari kabla hajaanza, huyu mtoto hereni zinamsumbua, umuulize waya anayotaka kuweka ni ya nini, na kama kuna braketi za titaniamu au za kauri, na waya ya beta-titaniamu ambayo haina nikeli. Zipo, bei iko juu, na si kila kliniki wanazo, mara nyingine itabidi wakuagizie kutoka Dar. Daktari aliyesoma kazi yake swali hilo halimkasirishi.